Mafuta ya breki na mafuta ya usukani: yanabadilishwa nyumbani, ila kila moja kwa njia yake

Swali la msomaji: "Shikamoo fundi. Nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, otomatiki, naishi Tanga. Mwezi uliopita nilipeleka familia Lushoto. Wakati wa kuteremka kwenda Mombo pedali ya breki ikaanza kuwa laini, mwisho ikawa inakaribia kugusa sakafu. Nikasimama pembeni muda mrefu, pedali ikarudi, tukafika salama, na tangu siku hiyo breki ni nzima kabisa. Halafu usukani unalia nikiukata asubuhi. Fundi mmoja wa mtaani kaniambia mafuta ya breki hayabadilishwi, huongezwa tu, na kwamba ATF (mafuta ya gia ya otomatiki) inaingia kote, kwenye breki na kwenye usukani. Je, mimi na mdogo wangu tunaweza kubadilisha mafuta haya wenyewe nyumbani?"

Marahaba, kijana wangu. Nimefurahi kwamba ulisimama. Wengi pedali ikianza kulegea huendelea kuteremka wakiamini watafika tambarare kabla hali haijawa mbaya.

Ndiyo, mnaweza. Kazi zote mbili ni za nusu siku kwa watu wawili wasio na haraka, na vifaa vyake havizidi vile anavyokuwa navyo mtu yeyote anayelitunza gari lake. Lakini yale mawili uliyoambiwa si kweli. Mafuta ya breki hubadilishwa, na ATF isikaribie kikopo cha breki hata tone moja. Kama tayari kuna mtu ameshaitia, usiliendeshe gari hilo mpaka umalize kusoma hapa.

Nianze na mlima, maana hapo ndipo gari lilipokueleza ugonjwa wake. Breki hugeuza mwendo wa gari kuwa joto. Barabara ya Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 hivi, kona juu ya kona kupitia Soni, na dereva anayeteremka na gia ikiwa kwenye D hukaa na mguu kwenye breki karibu njia nzima. Joto la diski huingia kwenye pedi, likatoka kwenye pedi likaingia kwenye pistoni ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski), na nyuma ya pistoni ndipo yalipo mafuta. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani. Unyevu hupenya taratibu kwenye mipira ya breki na kwenye mfuniko wa kikopo, mwaka hadi mwaka. Mafuta yakishakuwa na maji huchemka mapema, na yakichemka hutoa mvuke. Mafuta hayabanwi, mvuke unabanwa. Hivyo unakanyaga, na nguvu ya mguu inaishia kuubana mvuke badala ya kusukuma pistoni. Uliposimama vyuma vikapoa, mvuke ukarudi kuwa kimiminika, pedali ikapanda. Ndiyo maana nakuambia usijidanganye kwamba breki ni nzima. Maji yaliyokuangusha siku ile bado yamo humo humo, yanasubiri joto jingine.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Mafuta ya DOT 3 (DOT ni daraja la mafuta ya breki) yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140. DOT 4 mpya ni 230, na yenye maji ni 155. Tofauti ya 205 na 140 ndiyo tofauti ya kuteremka Soni salama na kuteremka Soni pedali ikigusa sakafu. Mtu anayeishi pwani kama wewe, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, asivuke miaka 2 bila kuyabadilisha. Na gari la mwaka 1998 lililopita mikono kadhaa, mara nyingi hakuna anayejua yalibadilishwa lini.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ugonjwa ni huo. Pedali inayolegea baada ya mteremko mrefu na kurudi ikipoa, ni mafuta yaliyochemka. Pedali ambayo ni laini wakati wote, hata asubuhi gari likiwa halijatembea, ina upepo ndani ya mfumo. Pedali iliyo ngumu lakini gari halisimami na kuna harufu ya kuungua, hizo ni pedi zilizopata joto kupita kiasi. Pedali inayozama polepole ukiwa umesimama kwenye mataa na mguu umekaa palepale, hiyo ni masta silinda, yaani pampu ya breki inayosukumwa na pedali, mipira yake ya ndani imechoka, na mafuta mapya hayatakusaidia. Kwa maelezo yako wewe uko kwenye ile ya kwanza.

Sasa lishike hili, kwa sababu kazi nzima imejengwa juu yake. Mafuta ya usukani yanazunguka. Pampu inayavuta kutoka kwenye kikopo, inayasukuma kwenye raki (kifaa kinachogeuza magurudumu ya mbele), yanarudi kikoponi, na hivyo hivyo wakati wote injini inapowaka. Mafuta ya breki hayazunguki. Ukikanyaga yanasogea kidogo, ukiachia yanarudi palepale yalipokuwa. Yale yaliyo kwenye kalipa, ambako ndiko kwenye joto, yanaweza kukaa huko miaka bila kukutana na yale ya kikoponi. Ndiyo sababu ukinyonya mafuta ya kikopo cha breki na kumimina mapya, utayaona masafi ukifungua boneti na utafurahi, lakini kule gurudumuni hakuna kilichobadilika. Ya breki lazima yatolewe kwenye kila gurudumu. Ya usukani yanaweza kubadilishwa kidogo kidogo kutoka kikoponi.

Nije kwenye ATF. Mafuta ya breki si oili. Yametengenezwa kwa glikoli, na mipira ya mfumo wa breki imechaguliwa ikae ndani ya glikoli. ATF, oili ya injini na dizeli ni jamii nyingine kabisa. Vikiingia kwenye breki, mipira huvimba na kulainika. Siku za kwanza dereva haoni kitu. Baadaye breki huanza kushika zenyewe, magurudumu yanapata moto, na mwisho masta silinda haisukumi tena. Kwa hiyo fungua kikopo cha breki, utoe mpira ulio chini ya mfuniko, uuangalie. Mpira mzima umenyooka na unarudi mahali pake bila taabu. Mpira uliovimba, wenye mawimbi, usiotaka kuingia tena ulipotoka, ni ushahidi kwamba kuna mtu alitia asichotakiwa kutia. Kuna kipimo kingine: chukua matone machache ya mafuta hayo kwa sindano, uyadondoshe kwenye glasi ya maji, ukoroge. Mafuta ya breki huyeyuka na kupotea majini. Oili na ATF huelea juu. Zikielea, acha kila kitu. Kusafisha kwa mafuta mapya hakutoshi hapo, kwa sababu mipira yote iliyoguswa lazima ibadilishwe, kuanzia ya masta silinda, ya kalipa, ya silinda za nyuma hadi mipira mirefu inayokwenda magurudumuni. Hiyo ni kazi ya gereji, na gari lipelekwe likiwa linavutwa.

Tuseme mpira ni mzima na matone yameyeyuka. Soma maandishi juu ya mfuniko wa kikopo. Corolla yako ni DOT 3. Ukipata DOT 4 nzuri itie bila wasiwasi, zinachanganyika, na kwa mtu anayepanda Lushoto ningeipendelea. DOT 5.1 nayo ni jamii hiyo hiyo. Usiyoitaka ni DOT 5 tupu, isiyo na ".1", kwa sababu hiyo ni ya silikoni na haichanganyiki na hizi nyingine. Lita 1 inatosha kwa gari dogo. Nunua chupa ambayo lakiri yake haijaguswa, na usikubali nusu chupa iliyobaki gerejini, hata ukipewa bure. Chupa iliyofunguliwa huanza kunyonya unyevu siku hiyo hiyo.

Vifaa vingine: jeki, stendi 2 au 4 za chuma, spana ya magurudumu, spana ya ringi ya 8 na ya 10, mpira mwangavu mwembamba unaobana kwenye nipo (skrubu ndogo yenye tundu, ya kutolea upepo kwenye kila gurudumu), chupa ya plastiki, sindano kubwa (ile ya mifugo inayouzwa maduka ya dawa za kilimo ni nzuri sana), matambara safi, glavu, miwani ya kukinga macho, na ndoo ya maji. Maji ni kwa ajili ya rangi ya gari. Mafuta ya breki hula rangi, na tone likidondoka kwenye boneti mwagia maji mengi hapo hapo. Usilifute kwa tambara kavu, utalieneza.

Gari liwe kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa. Weka kizuizi kwenye magurudumu yanayobaki chini. Kama utalazimika kuondoa handbreki ukiwa unafanya kazi nyuma, vizuizi hivyo ndivyo pekee vinavyolishika gari, kwa hiyo viwe vya mti mgumu vilivyokatwa vizuri. Jeki ni ya kuinulia tu, gari likae kwenye stendi. Tofali halifai, hupasuka bila kutoa ishara, na nimeshuhudia likipasuka.

Nyuma ya kila gurudumu, kwenye kalipa au kwenye silinda ya dramu, kuna nipo ndogo ya kutolea upepo, mara nyingi ina kofia ya mpira. Kwenye gari la umri huu nipo zimeshika kutu. Usiku wa kuamkia kazi zipulizie dawa ya kulainishia kutu, asubuhi zipulizie tena. Zifungue kwa spana ya ringi peke yake. Spana ya mdomo wazi na pilaizi hula kona za nipo, na ikishakuwa duara umejitafutia kazi ya siku mbili. Jaribu kulegeza zote nne kidogo kisha uzirudishe, kabla hujagusa mafuta. Ikiwepo iliyokataa kabisa, igonge kiasi kwa nyundo ndogo pembeni yake, jaribu tena. Ikiendelea kukataa iache hivyo, mpelekee fundi. Nipo iliyokatikia ndani ni kutoboa au kununua kalipa nyingine.

Sasa kazi yenyewe. Futa mfuniko wa kikopo na eneo lake kabla ya kuufungua, maana mchanga ukiingia mle utaishia kwenye mipira ya masta. Nyonya mafuta ya zamani kwa sindano, lakini uache kidogo chini, matundu yanayoshuka kwenda masta silinda yasibaki wazi. Jaza mapya mpaka alama ya juu. Pedali isikanyagwe kikopo kikiwa na mafuta machache.

Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, hilo ni la nyuma kushoto. Linafuata la nyuma kulia, kisha la mbele kushoto, mwisho la mbele kulia. Yapo magari ambayo vitabu vyake vinataka mpangilio mwingine. Ukiwa na kitabu cha gari, kifuate hicho.

Pachika spana ya ringi kwenye nipo kwanza, halafu uvishe mpira. Mwisho wa pili wa mpira uzame kwenye chupa yenye mafuta mapya kidogo, ili hata upepo ukitaka kurudi ukute mafuta. Mdogo wako akae ndani ya gari, injini imezimwa. Kubalianeni maneno, na kila mmoja ajibu kabla mwingine hajafanya lolote. Wewe unasema "Kanyaga." Yeye anakanyaga polepole, anashikilia, anajibu "Nimekanyaga." Unafungua nipo robo hadi nusu mzunguko. Mafuta yanatoka, pedali inazama chini ya mguu wake, yeye haondoi mguu. Unafunga. Ndipo unasema "Achia," naye anajibu "Nimeachia." Kosa moja tu linaweza kuiharibu kazi hii, nalo ni kuachia pedali nipo ikiwa wazi, kwa sababu hapo mfumo unavuta hewa. Mwambie mdogo wako hivyo kabla hamjaanza, na umweleze kwa nini. Akielewa sababu hatakosea.

Weka kipande cha ubao chini ya pedali kisiache ishuke hadi sakafuni. Masta silinda ya gari la mwaka 1998 imezoea kufanya kazi kwenye sehemu ya juu tu ya tundu lake. Sehemu ya chini isiyoguswa miaka yote hiyo hukusanya kutu na uchafu, na mipira ikisukumwa huko hukwaruzika. Nimeona magari yaliyoingia gerejini na masta nzima yakatoka na masta inayovuja, na sababu ilikuwa hiyo.

Ukiangalia mpira mwangavu utayaona mabadiliko kwa macho. Mwanzoni yatatoka ya kahawia, pengine meusi kama chai ya rangi iliyokolea, huku vipande vidogo vya uchafu vikielea. Halafu yanaanza kupauka. Mwisho yanakuja ya manjano hafifu kama yaliyomo kwenye chupa uliyonunua, bila povu. Hapo gurudumu hilo limekwisha. La nyuma kushoto litakula mafuta mengi kuliko yote kwa sababu bomba lake ni refu, usikate tamaa mapema. Na kila baada ya kukanyaga mara 5 simama, ukaangalie kikopo, ujaze. Kikopo kikikauka hewa itaingia kwenye masta, na kama gari lina ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki) itaingia kwenye pampu ya ABS, ambako kuitoa huenda kukahitaji mashine ya kompyuta.

Funga nipo kwa mkono wa kiasi. Ni chuma chembamba chenye tundu katikati, hakihitaji nguvu za mabega. Rudisha kofia zake za mpira.

Ukimaliza yote manne, injini ikiwa imezimwa kanyaga mara kadhaa. Pedali iwe ngumu na ibaki juu. Ukiwa umeikanyaga, washa injini. Itashuka kidogo, hiyo ni haidrovaki, kifaa kinachoongezea mguu nguvu, inaanza kusaidia, ni kawaida. Shikilia kwa nusu dakika. Isiendelee kuzama. Kisha tembea magurudumu yote kwa tochi, uangalie kama kuna nipo inayolowa. Jaribu gari uani kwa mwendo wa mtu anayetembea, mkono karibu na handbreki, kabla ya kutoka barabarani. Pedali ikiwa ngumu lakini inashuka mbali kabla ya kushika, huenda viatu vya breki vya nyuma vinahitaji kurekebishwa tu.

Kuhusu "kuongeza tu" kuna jambo jingine. Mafuta ya breki yakipungua kikoponi taratibu, mara nyingi ni kwa sababu pedi zimekwisha, pistoni zimetoka nje zaidi, na mafuta yamejaza nafasi nyuma yake. Anayeongeza bila kutazama pedi anaficha ishara iliyokuwa inamsaidia. Siku pedi mpya zikifungwa, pistoni zikirudishwa ndani, mafuta hufurika na kumwagika kwenye rangi. Na yakipungua kwa haraka ni uvujaji, utafute kabla ya kuongeza.

Kwa wenye magari mengine wanaosoma: kama gari lako ni haibridi, mfano Prius au Aqua, usifanye kazi hii kwa njia hii. Breki zake zina pampu inayotunza shinikizo na kompyuta inayoisimamia, na zinahitaji mashine ya kuiamuru.

Tuje kwenye usukani. Hapa mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu ukikosea kidogo usukani utakuwa mzito lakini breki bado zitashika. Magari mengi yaliyojaa mitaani, kama Vitz, IST na Passo, yana usukani wa umeme na hayana mafuta haya kabisa. Corolla yako ina pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, na kikopo chake utakiona ukifungua boneti.

Sikiliza mlio kwanza. Mlio mkali wa juu, unaotokea unapokata usukani asubuhi injini ikiwa baridi kisha unapotea, mara nyingi ni mkanda uliolegea au uliokauka, na mafuta hayana hatia. Ubonyeze, uutazame kama una mipasuko. Mlio wa kuguna, unaozidi kadiri unavyokata, ndio unaohusu mafuta: yamepungua, yamechoka, au yana hewa. Fungua kikopo uyatazame. ATF nzima ni nyekundu na inaangaza. Ikiwa kahawia na inanuka kuungua, imekwisha. Ikiwa na povu, kuna mahali inavuta hewa.

Huku ndiko ATF inakotakiwa. Toyota za umri huo hutumia ATF ya aina ya Dexron II au III. Sheria hiyo haivuki kampuni zote: Honda ina mafuta yake maalumu ya usukani na haitaki ATF, na magari mengi ya Ulaya nayo yana ya kwake. Soma mfuniko au kitabu.

Kwa kuwa mafuta haya yanazunguka, sindano yako inatosha. Nyonya yote yaliyomo kikoponi, mimina mapya hadi alama, washa injini, kata usukani kutoka upande mmoja hadi mwingine mara chache, zima, nyonya tena. Rudia. Tuseme kikopo kinabeba theluthi ya mafuta yote: ukifanya hivyo mara 5, ya zamani yaliyobaki ni kama sehemu 13 kati ya 100. Unaweza hata kufanya mara moja kila jioni na gari likaendelea na kazi mchana. Nakushauri njia hii kwa sababu haifungui bomba lolote. Ipo njia ya pili, ya kuchomoa mpira mwembamba unaorudisha mafuta kikoponi, kuziba tundu lake, kuinua magurudumu ya mbele na kusukuma ya zamani nje huku mwenzako akizungusha usukani injini ikiwa imezimwa. Inasafisha zaidi. Lakini ukichomoa mpira usio wenyewe, ule mnene wa shinikizo, au ukiwasha injini kikopo kikiwa kitupu, pampu itasaga bila mafuta na itaharibika kwa muda mfupi sana.

Ukikata usukani hadi mwisho usiushikilie pale zaidi ya sekunde 5. Pampu hapo inasukuma mafuta yasiyo na pa kwenda, na joto hupanda upesi. Hilo ni la kuzingatia hata kwenye maegesho ya kila siku. Mwisho pima kwa alama inayofaa, maana vikopo vingi vina alama ya mafuta ya baridi na ya moto, ukichanganya utajaza kupita kiasi.

Kama mafuta ya usukani yalikuwa yamepungua, yamekwenda mahali. Tazama viungo vya mipira, tazama chini ya pampu, na ubonyeze ile mipira yenye mikunjo kwenye ncha za raki. Ikiwa imejaa mafuta ndani, sili za raki zimekwisha. Utauziwa dawa ya chupa inayodaiwa kuziba uvujaji. Hufanya kazi kwa kuvimbisha mpira, na mpira uliochakaa ukivimbishwa hauwi mpya. Mimi sitii dawa hizo kwenye gari la mtu.

Mafuta yote ya zamani yawekwe kwenye vyombo tofauti vyenye mfuniko, vilivyoandikwa kilichomo. Naomba sana yasiwekwe kwenye chupa za soda au za maji na kuachwa uani. Mafuta ya breki ni sumu, na mtoto hawezi kujua. Oili chafu na ATF gereji nyingi huzikusanya. Ya breki yapeleke yakiwa peke yake, usiyachanganye na oili, wala usiyamwage mtaroni.

Ukirudi Lushoto, wakati wa kuteremka ondoa overdraivu (gia ya juu kabisa), na kwenye miteremko mikali shusha gia hadi 2, au L gari likiwa taratibu, ili injini ishike gari na breki zipumzike kati ya kona na kona. Kanyaga kwa nguvu kidogo kwa muda mfupi, halafu achia, kuliko kuegemeza mguu njia nzima. Ukifika Mombo simama dakika chache, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa chuma, ulinganishe joto la kushoto na kulia kwenye mhimili mmoja. Yakiwa sawa, kazi yenu imekwenda vizuri. Moja likiwa na moto kuliko mwenzake, kalipa yake au silinda yake inagoma kuachia, na ndiyo inayochemsha mafuta. Hapo usibadilishe mafuta mara ya pili. Lipeleke gari kwa fundi na umtajie ni gurudumu lipi.